Kuondoa hatari ya moto bila kuua mialoni: shajara ya mradi wa shamba la farasi, Milima ya Santa Monica, 2025

3 Machi

Leo tumetia saini mkataba na kesho kutwa kazi inaanza. Shamba lina ekari sita na nusu, liko katika vilima vilivyo kati ya Calabasas na Malibu, katika eneo linalosimamiwa moja kwa moja na Kaunti ya Los Angeles. Lina nyumba kubwa moja, nyumba ndogo ya mtunza farasi, banda la mbao lenye farasi tisa, ghala la nyasi kavu lililoungana na banda hilo ubavuni, na mialoni ambayo mwenye shamba mwenyewe hakujua idadi yake. Barabara ya kutokea ni moja tu, nyembamba, na inapita korongoni.

Mwenye shamba ana sababu ya kuogopa. Moto wa Woolsey, ulioanza tarehe 8 Novemba 2018 katika vilima vya Simi, ulivuka barabara kuu ya 101, ukateremka milimani hadi baharini, ukaunguza ekari 96,949 na kuteketeza majengo 1,643. Hapa nyumba ilinusurika, banda la zamani likaungua hadi msingi. Farasi walikuwa wamekwisha kuondolewa na kufikishwa ufukwe wa Zuma, ambako wenye farasi wengi walikimbilia siku ile kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda pengine. Kisha Januari mwaka huu moto wa Palisades ukala zaidi ya ekari 23,000 upande wa mashariki, na siku mbili baada ya huo kuanza, moto wa Kenneth ukawaka karibu na West Hills, mahali ambapo moshi wake ulionekana kutoka kibarazani kwake. Aliponipigia simu aliniambia nikate kila kitu, mialoni ikiwemo.

Nilimweleza kwamba ombi hilo sitalitekeleza, na nikamweleza kwa nini. Sheria ya mialoni ya kaunti, ambayo ipo tangu 1982, inalinda mwaloni wowote wa asili ambao mzingo wa shina lake unafika inchi 25, yaani sentimita 63 na nusu, ukipimwa futi nne na nusu kutoka ardhini. Mwaloni wenye mashina kadhaa unalindwa iwapo mashina mawili yoyote yana mzingo wa jumla ya inchi 38. Kuukata, kuuhamisha, kuchimba au hata kujaza udongo ndani ya eneo lake la hifadhi bila kibali ni kosa, na anayepewa kibali cha kuuondoa hupanda angalau miwili mahali pake. Sheria ingetosha kuwa sababu, lakini ninayo nyingine iliyo na uzito zaidi kwangu: katika shamba hili mwaloni sio unaoleta moto nyumbani. Nitaandika humu tutakachokifanya na tutakachokiacha, ili mwishoni mtu aweze kupima kama nilikuwa na haki ya kusema hivyo.

5 hadi 7 Machi

Siku tatu zimekwisha kwa futikamba na rangi ya chokaa. Tumehesabu mialoni 34, na kati yake 27 inalindwa kwa ukubwa wake. Thelathini na miwili ni ya pwani, Quercus agrifolia, yenye majani magumu yasiyopukutika yote kwa mkupuo. Miwili iliyo karibu na lango ni ya bondeni, Quercus lobata, ambayo hupukutisha majani wakati wa baridi na ambayo haioti kiasili popote duniani nje ya California.

Kila mti tumeuchorea mpaka wake kwa chokaa. Eneo la hifadhi huanza kwenye shina, likafika pale ncha za matawi ya nje zinapoishia, likaongezwa futi tano, na kamwe haliwi chini ya futi 15 kutoka shinani. Ukishauona mpaka huo ardhini badala ya kuusoma kwenye karatasi, unashangaa: karibu nusu ya uwanja wa farasi wa magharibi, pamoja na kipande kirefu cha njia ya magari, vimo ndani ya hifadhi za miti. Mizizi mingi ya mwaloni imo katika mita moja ya juu ya udongo na hutambaa mbali kuliko kivuli, kwa hiyo hata mpaka wa sheria ni mdogo kuliko mti wenyewe ungependa.

Tumegundua pia kwamba mkandarasi aliyesafisha shamba hili miaka iliyopita alikuwa akiburuta haro ya trekta chini ya miti ili kupata ardhi tupu. Mizizi iliyokatwa inaonekana wazi kwenye mteremko wa kusini, na miti mitatu ya upande huo ina matawi makavu vileleni. Ardhi iliyotifuliwa hivyo haikubaki tupu. Iliota haradali nyeusi na oti mwitu, mimea ya kigeni ambayo ikikauka mwezi Mei huwa kama karatasi. Kwa maneno mengine, mwenye shamba alilipa ili apunguziwe moto, akapata miti dhaifu na majani mengi yanayowaka.

12 Machi

Kabla ya kufyeka nilikaa na mwenye shamba pamoja na mtunza farasi, mzee aliyefanya kazi hapa kwa zaidi ya miaka ishirini na ambaye ndiye aliyewatoa farasi mwaka 2018. Nilitaka tukubaliane juu ya namna moto unavyofika, kwa sababu bila makubaliano hayo kila siku tungekuwa tunabishana juu ya tawi.

Upepo wa Santa Ana hutoka majangwani upande wa bara, hushuka milimani ukiwa mkavu na wenye joto, na hubeba makaa mbele ya moto wenyewe kwa umbali mkubwa. Nyumba nyingi hushika moto kwa makaa hayo madogo yanayoangukia majani yaliyolundikana kwenye mfereji wa paa, mkeka wa mlangoni, matandazo ya mbao chini ya dirisha, au yanayoingia darini kupitia matundu ya hewa. Mwaloni wa pwani wenye afya una gome nene na majani yenye maji, na mara nyingi huunguzwa nje tu, kisha ukachipua upya kwenye matawi. Hatari yake inaanza pale nyasi ndefu zinapowasha kichaka, kichaka kikawasha tawi la chini, na tawi hilo likaufikisha moto kileleni. Ngazi hiyo ndiyo tunayoibomoa, na ngazi hubomolewa kuanzia chini.

Mzee akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kwamba mwaka ule alipokuwa akirudi baada ya siku nne alikuta uzio wa mbao umeungua kwa mstari mmoja mrefu, kutoka korongoni hadi banda lilipokuwa, huku mwaloni uliokuwa hatua kumi kutoka hapo ukiwa umebabuka upande mmoja tu. Nimeliandika hilo katika mpango wa kazi.

19 Machi

Ufyekaji umeanza. Sheria ya jimbo, kifungu cha 4291, inataka futi 100 za nafasi ya kujikinga kuzunguka kila jengo, na katika maeneo ya hatari kubwa ya kaunti hii Idara ya Zimamoto inaweza kudai hadi futi 200. Mteremko ulio chini ya nyumba ni mkali, hivyo notisi tuliyopewa inataka 200 upande huo.

Tunafanya kazi kuanzia alfajiri na tunazima mashine kabla ya saa nne asubuhi, kwa kuwa baada ya hapo unyevu hupungua na cheche moja kwenye jiwe inaweza kuanzisha kile tulichokuja kukizuia. Ndani ya mipaka ya chokaa hakuna trekta wala meno ya chuma. Ni uzi wa nailoni, fyekeo na reki. Nyasi zinashushwa hadi inchi tatu au nne na mizizi yake inaachwa ardhini ishikilie udongo. Vichaka vya asili vya vilima hivi, chamisi na seji mwitu wa California, vilivyo chini ya matawi vinaondolewa vyote, ila vilivyo uwandani tunaviacha kwa mafungu yenye nafasi kati yake.

Hapa kuna hoja ambayo wafyekaji wengi huipuuza. Kanuni inataka matawi yawe futi sita juu ya ardhi, na kama kuna kichaka chini yake, nafasi iwe mara tatu ya kimo cha kichaka hicho. Watu husoma sentensi hiyo na kuchukua msumeno. Mimi huiona kuwa sababu ya kukiondoa kichaka, maana kichaka kikishatoka, hitaji la kukata tawi kubwa hutoweka. Kinachobaki kuning'inia karibu na ardhi kwa kawaida ni vijitawi vyembamba vya mwisho, na kaunti inaruhusu kupogoa matawi yasiyozidi unene wa inchi mbili bila kibali. Ukipunguza uzito wa ncha hizo, tawi lote huinuka lenyewe kwa kiasi cha kushangaza. Katika miti 27 hatujakata tawi moja lenye unene wa kifundo cha mkono.

Kosa la leo ni langu. Sikuwaeleza vijana vizuri, na chini ya miti minne ya kwanza walikwangua majani yote hadi udongo ukabaki mweupe. Majani hayo ndiyo matandazo ya mti wenyewe: hushika unyevu, huoza na kuulisha, na huzuia nyasi za kigeni kuota. Futi tano za kwanza kutoka ukutani tunataka pawe patupu au kokoto, na karibu na nyumba tunayapunguza sana, lakini mbali zaidi ya futi 30 tabaka lisilozidi inchi tatu linaruhusiwa na ni jema. Alasiri tumeyarudisha kwa mikono, tukiacha duara tupu kuzunguka kila shina ili gome lisioze.

Vijana wawili wamewashwa vibaya na mmea ambao Wamarekani huuita mwaloni wa sumu. Si mwaloni hata kidogo, ila jani lake linafanana. Kwa aliyekulia kwetu, mfikirie upupu, isipokuwa mwasho wake huchelewa kuanza siku moja au mbili kisha hukaa wiki mbili, na ukichomwa moshi wake huumiza mapafu. Tumeung'oa kwa glovu na kuufunga kwenye mifuko. Hauingizwi kwenye mashine ya kusaga matawi.

2 Aprili

Leo tumegombana, kwa adabu, juu ya bustani ya nyasi za kijani. Mwenye shamba amesoma kwamba nyasi zinazomwagiliwa haziwaki, jambo ambalo ni kweli, na kwa hiyo anataka kuzitandaza chini ya mialoni mitano mikubwa iliyo mbele ya nyumba, pamoja na vinyunyizio vya maji. Tayari mti mmoja unamwagiliwa hivyo tangu 2021. Nilimpeleka kwenye mti huo, nikafukua udongo kidogo shinani, nikamwonyesha gome lililolainika na kutoa ute mweusi.

Mwaloni wa pwani umezoea majira ya kiangazi yasiyo na mvua hata kidogo. Ukiupa maji ya mara kwa mara mwezi Julai, udongo ukiwa na joto, unawakaribisha kuvu wa mizizi na ugonjwa wa kuoza kwa shina, na mti uliostahimili ukame wa miaka mingi hufa taratibu kwa ukarimu wa mwenyeji wake. Mwaloni mfu wenye kipenyo cha mita moja, futi 20 kutoka dirishani, ni kuni zilizosimama, na kuuondoa kutamgharimu kibali, winchi na pesa nyingi.

Tumefikia mwafaka. Vinyunyizio vinaondolewa ndani ya mipaka yote ya chokaa, mahali pa nyasi panawekwa kokoto kwa futi tano za kwanza na majani ya mwaloni kwa sehemu iliyobaki, na bustani ya kijani inahamia upande wa bwawa la kuogelea ambako hakuna mti. Hakufurahi, ila alikubali.

16 Aprili

Kazi ya matawi imesimama upande wa mashariki kwa sababu ya viota. Sheria ya shirikisho ya ndege wanaohama, ya 1918, inakataza kuharibu kiota chenye mayai au makinda, na msimu wa kutaga hapa huanza takriban Februari na kwenda hadi Agosti. Hapo ndipo kalenda mbili zinapogongana, maana zimamoto wanataka kazi ikamilike kabla ya Juni na ndege hawasomi notisi. Mtaalamu wa ndege tuliyemkodi amepata kiota cha mwewe kwenye mwaloni wa kumi na tisa na viota vidogo viwili kwenye vichaka. Tumeweka utepe, na chini ya mwaloni huo tutafyeka nyasi tu, kwa fyekeo la mkono. Mwakani nitaanza kazi ya matawi Oktoba. Ingekuwa hivyo mwaka huu kama simu isingepigwa baada ya moto.

Jambo lililotuchukulia muda mrefu zaidi ni ghala la vigogota. Kwenye mwaloni wa bondeni ulio karibu na lango kuna tawi kubwa lililokufa, lenye matundu mamia kwa mamia, na katika kila tundu ndege hao wamekaza tunda moja la mwaloni kwa ustadi wa fundi wa kutia njumu. Familia nzima ya vigogota hutumia ghala moja na kulilinda kwa miaka mingi. Kwa mtazamo wa moto ni mti mkavu. Kijana mmoja alikwisha kupanda na kamba.

Nilimshusha. Tawi liko futi 30 juu, chini yake hapana kichaka wala nyasi ndefu, jengo la karibu liko futi 140, na kama likianguka litaangukia njia ya changarawe. Nimelipiga picha, nikaandika vipimo, na nimeamua libaki. Mkaguzi akisema vinginevyo tutazungumza.

28 Aprili

Wiki mbili hizi zimekuwa za upande wa farasi, na kwa maoni yangu hapa ndipo hatari kubwa ya shamba zima ilipokuwa imelala. Marobota 300 ya nyasi kavu yalikuwa ukuta kwa ukuta na vyumba vya farasi. Nyasi zilizofungwa zikiwa na unyevu mwingi huchemka zenyewe ndani, na zinaweza kuwaka bila moto wa nje. Juu ya hilo, kaa moja likiingia hapo, farasi tisa hawana dakika. Desemba 2017, moto wa Lilac ulipoingia kituo cha mazoezi cha San Luis Rey katika Kaunti ya San Diego, farasi 46 wa mbio walikufa ingawa watu walijitahidi kuwafungulia.

Marobota yamehamishiwa ghala la mabati futi 100 kutoka bandani, na la zamani limebomolewa. Lundo la samadi, ambalo lilikuwa limeegemezwa kwenye uzio chini ya mwaloni na kufukiza mvuke kila asubuhi, limesogezwa uwandani, na sasa linachukuliwa na lori kila wiki. Uzio wa mbao umeachwa, ila kipande cha mwisho kinachogusa banda na nyumba, futi tano kila mahali, kimekuwa lango la chuma. Mzee aliposhuhudia lango la kwanza likiwekwa alitikisa kichwa na kusema lingewekwa miaka saba iliyopita. Matundu ya hewa ya nyumba na banda yamewekewa wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita tatu.

Uwanja wa magharibi ulihitaji uamuzi mwingine. Farasi walikuwa wakisimama mchana kutwa chini ya mialoni sita, kwato zikashindilia udongo kuwa kama sakafu, na wawili kati yao walikuwa wakiguguna magome. Zaidi ya hayo, majani machanga na matunda ya mwaloni yana tanini ambayo farasi akila kwa wingi humsokota tumbo na kumharibu figo. Tumeizungushia miti hiyo uzio wa mabomba, mashimo ya nguzo yakichimbwa nje ya mipaka ya chokaa, na farasi tumewawekea kivuli cha turubai katikati ya uwanja. Upande wa nje wa uzio farasi wanaendelea kula nyasi, kazi wanayoifanya kwa unadhifu kuliko mashine yoyote niliyo nayo.

12 Mei

Nyuma ya banda tumekuta lundo la kuni za mwaloni ambazo mwenye shamba alizinunua barabarani msimu wa baridi. Hofu yangu ilikuwa bungua mwenye madoa ya dhahabu, mdudu aliyegunduliwa Kaunti ya San Diego mwaka 2004, ambaye ameua mialoni mingi mikubwa huko na ambaye husafiri zaidi kwa kuni zinazouzwa. Tundu analotokea lina umbo la herufi D, lenye upana wa milimita tatu hadi nne hivi. Katika kuni hizi tulikuta matundu mengi, ila mtaalamu wa miti aliyetumwa picha alisema ni ya mviringo, kazi ya mdudu mwingine anayekula mti uliokwisha kufa. Hata hivyo hazikutoka nje ya shamba. Tumezisaga kuwa vipande vidogo, na mashina yote 34 yamekaguliwa upande wa kusini tangu ardhini hadi kimo cha mtu. Ni safi.

29 Mei

Mkaguzi wa zimamoto amekuja, siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Alitembea saa moja na nusu. Alipofika chini ya mti wa vigogota alisimama, akatazama juu, akauliza umbali hadi jengo la karibu, nikampa karatasi, akaendelea. Mwaloni wa mwewe ameuruhusu usubiri hadi makinda waruke, kwa sharti la picha ya nyasi zilizofyekwa kila wiki mbili.

Alitukamata kwenye jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka: tangi la gesi ya propani nyuma ya nyumba ya mtunza farasi, lililozungukwa na rozimari iliyopandwa ili kulificha. Linatakiwa liwe na futi kumi za ardhi tupu kila upande. Alipokuwa akiondoka, rozimari ilikuwa imetoka kabla gari lake halijafika langoni. Tawi moja la mwaloni wa sita, nene kuliko inchi mbili na lililo futi saba tu kutoka kwenye bomba la moshi, linahitaji umbali wa futi kumi, na kwa hilo ombi la kibali limepelekwa leo hii. Mpaka lijibiwe, jiko la kuni halitawashwa.

7 Juni

Zoezi la kuwatoa farasi. Trela mbili, moja ya farasi wanne na moja ya watatu, maana yake ni safari mbili kwa angalau wawili kati yao, na korongo likiwa na moshi hakuna safari ya pili. Sita walipanda bila shida. Jike la kijivu, ambalo lilizaliwa baada ya 2018 na halijawahi kusafiri, lilikataa kwa dakika 25 na kumvunjia mzee ndoo. Jumla ilikuwa dakika 52 tangu kengele hadi trela ya kwanza kufika barabara kuu.

Mwenye shamba ameagiza trela ya tatu. Jike la kijivu litakuwa likilishwa ndani ya trela kila jioni, mlango ukiwa wazi, kuanzia kesho. Trela zote zitaegeshwa zikielekea lango, nje ya mipaka ya chokaa. Zoezi la pili ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba.